Damu Kwenye Bustani ya Aldersyke

Brenda Oldroyd aliichagua Aldersyke, jumba la kale linalotembelewa na wageni, kwa sababu moja tu: mbwa hawaruhusiwi kuingia ndani ya jumba.

Mengine yote aliyoyasema kwenye simu yalikuwa chambo. Alisema majani yamegeuka rangi na bustani inapendeza kuliko mwaka jana. Alisema keki za mkahawa wa kule kwenye mazizi ya zamani hazina mfano. Alisema marehemu baba yake Hayley aliipenda sana ile njia inayozunguka ziwa, na huo ulikuwa uongo mtupu, kwa kuwa marehemu hakupata kupenda njia yoyote isiyoishia baa. Lakini Shane Tordoff, mwanamume aliyekuwa akiishi na Hayley, binti yake, alikuwa anasikiliza kwenye spika ya simu kama ilivyo kawaida yake, na ilibidi apewe cha kusikia.

"Poa, mama mkwe," Shane alisema. "Tutakuja. Dizeli naye anataka kunyoosha miguu."

Dizeli alikuwa mbwa wake, kifua kama pipa, rangi ya masizi. Shane hakumwacha mbwa huyo popote, wala hakumwacha Hayley popote. Tangu baridi ya mwaka uliopita Brenda na mwanawe hawakuwahi kuketi wawili peke yao, hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Akienda kwao, Shane yupo sebuleni. Akipiga simu, Shane anakohoa kwa nyuma. Na Hayley, aliyekuwa na mdomo kama cherehani tangu utotoni, siku hizi alijibu ndiyo na hapana, tena kiangazi chote alivaa mikono mirefu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Brenda hakuhitaji kuambiwa. Alichotaka ni kusikia kwa kinywa cha mwenyewe, kisha amtie garini amrudishe nyumbani, yeye na mimba yake.

Siku ya kwenda, Brenda alitangulia mapema. Gari lake dogo hakuliegesha juu, mbele ya jumba, wanakoegesha wageni. Aliliweka chini, upande wa pili wa mteremko, karibu na lango la nyuma, akatia funguo kwenye mfuko wa koti. Kisha akapanda kwa miguu hadi mlango mkuu, akipita katikati ya kulungu.

Walikuwa wengi, na ulikuwa msimu wao wa kupandana. Majike yalikuwa yamejikusanya kwenye nyasi karibu na mialoni, na dume lao likizunguka huku na huko, shingo imevimba, manyoya yamelowa matope, mapembe yamesambaa kama matawi ya mti uliokauka. Likifungua kinywa, lilitoa ngurumo ya mnyama mgonjwa, nzito, ya kutoka tumboni. Huko mbali jingine lilijibu. Kwenye kila lango palibandikwa onyo: mbwa wafungwe kamba, watu wasisogee karibu. Brenda alipita mbali nao, kichwa chini. Alikulia maeneo hayo. Babu yake alichimba makaa chini ya mteremko huo huo kwa faida ya wenye jumba. Alijua kwamba kulungu wa Oktoba si yule wa kwenye kadi za Krismasi.

Shane na Hayley walifika wakiwa wamechelewa. Hayley alivaa skafu nene shingoni ingawa jua lilikuwa limetoka.

"Mama," alisema, akambusu shavuni haraka haraka, akamtazama Shane kabla ya kusema lolote jingine.

"Umenenepa, kipenzi," Brenda alisema.

"Kanenepa kila mahali isipokuwa akilini," Shane alisema, akacheka peke yake. Alikuwa mwanamume wa sura nzuri, mwenye kucheka upesi, na wasiomfahamu walimpenda mara moja. "Haya, tunaanzia wapi? Nionyesheni kasri la mabwana zenu."

Mwanamke wa mlangoni, mwenye miwani ya kamba, alimwangalia Dizeli na kutabasamu kwa huruma. "Pole, bwana. Mbwa ndani hapana. Lakini mkahawani pale nje kuna bakuli za maji."

Brenda alijifanya kushangaa. "Jamani! Na mimi sikukumbuka kabisa."

Shane alimtazama. Kwa kitambo kidogo tabasamu lilibaki mdomoni huku macho yakiwa yameshaondoka. Kisha akamgeukia Hayley, akamrekebisha skafu yake polepole, kama mtu anayempenda.

"Nenda na mama yako. Usikawie. Na simu uiwashe."

*

Walipita ukumbi wa kulia chakula, mezani kuna bata wa nta na zabibu za nta. Walipita chumba cha vitabu. Kila chumba kilikuwa na mzee wa kujitolea ameketi kwenye kiti pembeni, tayari kueleza habari za mazulia. Simu ya Hayley ililia kwenye ukumbi. Ikalia tena kwenye ngazi. Kila mara Hayley alisimama, akaandika jibu.

"Anasemaje?"

"Anauliza tuko chumba gani."

"Mwambie tuko kwa malkia tunakunywa chai."

Hayley hakucheka. Zamani angecheka mpaka azuiwe.

Ghorofani, kwenye chumba cha kulala cha bibi wa jumba, palikuwa na kitanda chenye mapazia ya hariri, na hapakuwa na wageni wengine. Mzee wa chumba hicho, aliyevaa tai ya kijani na beji yenye jina la Norman Haigh, alikuwa amesimama dirishani, akiwatazama kulungu. Brenda hakungoja. Alimshika mwanawe bega, akaivuta ile skafu.

Alama zilikuwa nne upande mmoja na moja upande wa pili. Yeyote aliyewahi kuona mkono wa mwanamume asingeshindwa kuzisoma.

"Niliteleza," Hayley alisema.

"Ukatelezea kwenye vidole vyake?"

"Mama, acha. Tafadhali."

"Hayley. Nitazame. Mimi si polisi, mimi si jirani. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Binti alikaza midomo, akatazama zulia. Kisha maneno yakaanza kumtoka, taratibu, hayana machozi, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Kwamba kwanza ilikuwa simu, nani kampigia, kwa nini. Kwamba halafu ikawa mlango, akifungiwa ndani mchana kutwa. Kwamba juzi alimsukuma kwenye ngazi, akaanguka kwa ubavu. "Na anajua nina mtoto tumboni, mama. Alisimama pale juu akaniambia niinuke, nisijidekeze."

Brenda akamfunga tena ile skafu. "Gari langu liko chini, lango la nyuma. Tunaondoka sasa hivi."

"Atatuona. Amekaa mlangoni."

Hapo Norman Haigh akakohoa. Alikuwa mzee mwembamba, wa kuvunjika kama bua, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Samahani, akina mama. Sikukusudia kusikia." Akafungua mlango mdogo uliofichwa kwenye karatasi ya ukutani. "Hizi zilikuwa ngazi za watumishi. Zinashuka mpaka jikoni, na jikoni kuna mlango wa kutokea bustanini. Wageni hawapiti huku. Lakini leo watapita."

Wakashuka, mzee mbele, mkono wake ukipapasa ukuta. Simu ikalia. Hayley akaitoa mfukoni.

"Usijibu," Brenda alisema.

Hayley aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia Shane, na alionekana kama mtu aliyekanyaga barafu akaisikia ikipasuka.

*

Jiko la Aldersyke ni kubwa kama kanisa dogo. Sufuria za shaba zimepangwa ukutani kwa ukubwa, zimesuguliwa mpaka zinang'aa, na katikati kuna meza ndefu ya mbao yenye makovu ya visu. Wanawake wawili wazee walikuwa wakipiga picha jiko la makaa. Norman Haigh aliuelekea mlango wa bustanini, funguo mkononi.

Kabla hajaufikia, mlango wa upande wa pili ulifunguka kwa kishindo. Shane aliingia na Dizeli kwenye mnyororo, na nyuma yake yule mwanamke wa miwani akipaza sauti: "Bwana! Bwana, nimesema haiwezekani!"

"Nimepiga simu, nimeisikia ikilia huku chini," Shane alisema. Hakupaza sauti. Alimwambia Hayley peke yake, kana kwamba jiko halina mtu mwingine. "Tunaondoka."

"Haendi," Brenda alisema.

"Nilijua. Nilijua we kizee una lako jambo. Keki! Majani!" Akacheka. "Hayley. Sitasema tena."

Norman Haigh alijiweka katikati. Alifanya hivyo kwa adabu, mkono mmoja mbele, kama anavyomzuia mgeni anayetaka kugusa pazia. "Bwana, mbwa haruhusiwi humu. Na huyu dada amesema hataki..."

Shane alimpiga kwa kichwa. Mara moja tu, paji la uso kwenye pua, na ule mlio Brenda aliutambua, ni mlio wa kuvunja mguu wa kuku. Mzee alikaa chini taratibu, akiwa bado ameshika funguo, na damu ikashuka kwenye tai yake ya kijani. Wale wanawake wa picha walipiga yowe. Dizeli akaanza kubweka, na ubwekaji ule ukajaa jiko zima mpaka hakuna aliyesikia lingine.

Shane alimkamata Hayley nywele. Alizizungusha mkononi kama kamba, akamvuta, na Hayley akaenda, amepinda, mikono yote miwili tumboni. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtia Brenda wazimu: kwamba mwanawe alijua namna ya kuvutwa.

Alipapasa ukutani. Sufuria iliyomjia mkononi ilikuwa na mpini mrefu na uzito wa tofali. Akaishika kwa mikono miwili, akaizungusha kama anayekata kuni, ikampata Shane juu ya sikio. Shaba ikalia kama kengele. Akampiga tena, ikatua begani. Vidole vya Shane vikaachia.

"Kimbia!" Brenda alipiga kelele, akimrushia mwanawe funguo za gari. "Kimbia, Hayley! Chini, kwenye lango!"

Hayley aliziokota sakafuni. Norman Haigh, pale chini, alikuwa ametambaa mpaka mlangoni, akaufungua akiwa amepiga magoti, damu ikidondoka kwenye kizingiti. Hayley akampita, akatoka.

Ngumi ya Shane ilimkuta Brenda mdomoni. Aliona weupe, kisha akaiona dari. Ulimi wake ulikuta jino limelala mahali pasipo pake. Alipoinua kichwa, mwanamume na mbwa walikuwa wameshatoka nje.

Brenda akatema jino, akashika ukingo wa ile meza ndefu, akasimama, akawafuata.

*

Nje jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa baridi. Hayley alikuwa ameshashuka nusu ya mteremko, akikimbia kama wanavyokimbia wajawazito, miguu imepanuka, mkono umeshika tumbo. Hakufuata njia. Alikata moja kwa moja kwenye nyasi, kuelekea langoni. Kushoto kwake, chini ya mialoni, majike ya kulungu yaliinua vichwa.

Shane alikuwa akiyumba, mkono kwenye sikio. Aliona hatamfikia. Akainama, akafungua mnyororo.

"Mkamate, Dizeli! Mkamate!"

Mbwa alichomoka kama jiwe la manati. Brenda aliita jina la mwanawe kwa kinywa kilichojaa damu, na hakuna kilichotoka ila mapovu. Lakini Dizeli alikuwa mbwa wa watu wa mjini. Maisha yake yote alikuwa ameona njiwa na paka. Alifika nusu ya njia, upepo ukageuka, ukamletea harufu ya kulungu, na hapo akamsahau Hayley, akamsahau bwana wake, akakata kona kuelekea kwenye majike.

Majike yalitawanyika. Dume halikutawanyika.

Lilitoka nyuma ya mwaloni kwa mwendo mfupi, kichwa kimeshainama, bila ngurumo yoyote. Dizeli alijaribu kusimama, makucha yakateleza kwenye matope. Mapembe yalimchota chini ya mbavu, yakamrusha juu, na alipoanguka yakamngoja. Dume lilimkandamiza kwenye nyasi, likasukuma, likapindisha shingo. Mlio uliotoka kwa mbwa yule ulikuwa wa mtoto kabisa. Kisha ukakatika.

"Dizeli!"

Brenda hakupata kumsikia Shane akiita jina la mtu hivyo. Shane aliteremka mbio, akipunga mnyororo juu ya kichwa, akitukana, akiwa hana akili nyingine kichwani. Mtu mzima, mzaliwa wa maeneo hayo hayo, alimkimbilia kulungu dume wa Oktoba na mnyororo wa mbwa.

Lilimgeukia. Mapembe yalikuwa mekundu mpaka kwenye uso. Shane alirusha mnyororo, ukagonga shingo iliyovimba ukaanguka, na kabla hajageuka alikuwa ameshapigwa. Pembe moja liliingia paja la kulia kwa ndani. Dume lilimwinua, likamburuta hatua kadhaa, likamtupa, likarudi. Mara ya pili lilimkuta mgongoni. Mara ya tatu lilikuwa likikwangua ardhi pembeni yake, likirusha majani na matope, kama limeshachoka naye na linamalizia hasira tu.

Gari la walinzi wa bustani lilitokea upande wa ziwa, honi ikilia mfululizo. Dume liliinua kichwa. Lilisimama hapo kifua kikipanda na kushuka, likalitazama gari, likamtazama Brenda, ambaye naye alikuwa amefika karibu kuliko alivyokusudia. Kisha likageuka, likaenda taratibu kukusanya majike yake.

*

Brenda alipiga magoti kwenye majani makavu. Suruali ya Shane ilikuwa imechanika mpaka kiunoni, na damu haikuwa inatiririka, ilikuwa inaruka, ikipumua na moyo wake. Brenda alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha nyama. Aliwahi kumwona mkataji kijana ambaye kisu kilimteleza kikamwingia mahali hapo hapo. Watu walikimbia huku na huko kutafuta bandeji, na bandeji ilipofika hapakuwa tena na wa kufungwa.

Alikunja ngumi, akaitia kwenye kidonda, akaegemeza uzito wake wote. Shane alipiga yowe.

"Tulia, mbwa we," Brenda alisema.

"Dizeli," Shane alisema. "Dizeli yuko wapi?"

"Amekufa."

Akaanza kulia. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga, sikio limevimba palipopigwa na sufuria, na alilia kwa kwikwi. Chini ya ngumi yake Brenda alihisi mshipa ukipiga, ukitafuta pa kutokea. Damu ilikuwa ya moto. Mlinzi aliyeshuka kwenye gari, mwanamke mmoja mnene, alisimama hatua chache akizungumza na redio, akilitazama dume lisije likarudi.

Hatua za mtu zikasikika kwenye majani. Hayley alikuwa amerudi.

Hakuwa amefika kwenye gari. Alisimama upande wa pili wa Shane, funguo mkononi, nywele zimesimama upande mmoja alipovutwa. Alitazama paja, akatazama ngumi ya mama yake imezama mpaka kwenye kifundo. Alitazama muda mrefu.

"Ukitoa mkono itakuwaje?" aliuliza.

"Atakwisha."

"Upesi?"

"Upesi."

Hayley alichutama. Mlinzi hakuwa anasikia. Upepo ulikuwa unaelekea ziwani.

"Mwachie, mama."

Brenda alidhani hakusikia vizuri. Tangu mwanzo aliogopa kwamba mwanawe atamrukia huyu mtu kumlilia, atamwita mpenzi wake, atapanda naye kwenye gari la wagonjwa na kurudi kulekule. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Hayley..."

"Hakuna atakayejua. Utasema uliteleza." Sauti yake ilikuwa ileile ya kule chumbani, kavu. "Mimi nimeteleza mara ngapi? Na wewe teleza mara moja."

Shane alikuwa amesikia. Kwikwi zilikoma. Macho yake yalimtafuta Hayley, yakampata, na humo Brenda aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwenye uso wa mwanamume huyo. Midomo yake ilijaribu kuunda jina.

Na asiseme mtu kwamba Brenda hakulifikiria. Alilifikiria kwa mwili mzima. Mkono wake ulikuwa tayari umeanza kufa ganzi, mdomo wake ulikuwa pango la damu, na alijua kabisa kwamba mtu huyu akipona atakuwa na miguu ya kumleta mlangoni kwake. Alihisi ngumi yake ikilegea kidogo tu, na damu ikapata upenyo mara moja, ikamrukia shingoni.

Akakandamiza tena, kwa nguvu zaidi, mpaka Shane akapiga mayowe.

"Hapana," alisema. "Una mtoto wa kulea. Hutamlea na hili."

"Nitalibeba vizuri sana."

"Najua. Ndiyo maana."

Hayley alisimama. Alimtemea Shane mate, yakatua kwenye shavu, na Shane hakuweza kujifuta. Kisha akaenda akakaa kwenye mzizi wa mwaloni, mgongo wake ameuelekezea kwao, mpaka helikopta ya wagonjwa ikashuka kwenye nyasi na kulungu wote wakakimbilia msituni.

"Nani anaondoka naye?" aliuliza tabibu.

Brenda aliipangusa ngumi yake kwenye nyasi.

*

Kwa majuma mengi Hayley hakuzungumza na mama yake ila lililo la lazima. Alihamia chumba chake cha zamani, akala alichopikiwa, akafunga mlango. Usiku mmoja Brenda alimkuta jikoni akinywa maji, akajaribu kumgusa bega, na Hayley akalitoa lile bega polepole.

"Ulikuwa naye mkononi," alisema. Basi.

Shane alipona. Kesi ilisikilizwa mwanzoni mwa mwaka, na Norman Haigh alikuja mahakamani na pua iliyopinda, amevaa tai mpya, akaeleza kila kitu kwa sauti ya kueleza mazulia. Wale wanawake wawili walileta picha zao. Wakili wa Shane alijaribu kuizungumzia sufuria, hakimu akamwambia akae. Shane alifungwa, si muda mrefu kama Brenda alivyotaka, na mtoto akazaliwa akiwa huko. Ni msichana, mwenye sauti. Hayley alimwita Maud, jina la bibi yake Brenda, na siku hiyo hospitalini, amechoka, nywele zimeganda kwa jasho, alimruhusu mama yake aketi kitandani.

"Bado nasema ungemwachia," alisema.

"Sawa," Brenda alisema, akampokea mtoto.

Brenda naye hakuwa na hakika. Kuna siku alijisikia mtu mwema. Siku nyingine alikagua makomeo ya milango kabla ya kulala na kujiona mjinga aliyeokoa nyoka kisha akaanza kuziba matundu.

Shane alitoka mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mahakama ilimkataza kukaribia mtaa ule, lakini Jumamosi moja asubuhi Brenda alifungua pazia akamwona amesimama kwenye geti la mbele, anaegemea fimbo, mguu mmoja mkavu. Akaiendea simu. Hayley alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Ni yeye?"

"Usitoke. Nawapigia polisi."

Hayley alitoka. Hakuvua hata aproni. Alishuka ngazi mbili za mlangoni, kisu cha viazi kikiwa mkononi, hakukiinua wala hakukificha, akaenda mpaka getini, akasimama karibu kiasi kwamba Shane angeweza kumshika. Brenda alikuwa mlangoni, simu sikioni, polisi wakimuuliza anuani na yeye ameisahau.

"Nataka kumwona mwanangu," Shane alisema.

"Hapana."

"Hayley, sikiliza. Huu mguu, unadhani haukunibadilisha? Nimebadilika. Nilikaa mle ndani nikawaza..."

"Uliwaza nini?"

Shane alikuwa anatazama kisu. Kisha akautazama uso wake, na Brenda akaona kile kitu tena, kilekile cha kwenye majani, kikipanda polepole kutoka kooni mpaka machoni.

"Ulisikia nilichosema siku ile," Hayley alisema. "Najua ulisikia. Leo mama yuko mbali, Shane. Hakuna wa kukuzibia kidonda."

Shane aliinua mkono wake kidogo, fimbo ikayumba. Labda alitaka kumpiga, labda alitaka kumgusa. Mazoea ya mkono ni magumu. Hayley hakurudi nyuma hata unyayo. Alisogea mbele, ncha ya kisu ikagusa suruali ya Shane, pale pale penye kovu, akasubiri.

Mkono wa Shane ulishuka. Aligeuka, akaondoka mtaani akivuta mguu, na hakutukana, na hakutazama nyuma. Polisi walimkuta kituo cha basi.

Hayley aliingia, akampita mama yake mlangoni. Uso wake ulikuwa umetoka jasho na kisu kiligonga ukingo wa sinki alipokiweka. Alichukua kiazi. Kikamponyoka. Akachukua kingine.

"Funga mlango, mama," alisema. "Mtoto atapata baridi."